Maji ya Kisima cha Betelehemu
Mafundisho juu ya njaa ya moyo

Masomo: 2 Samweli 23:13-17, Hesabu 11:4-6, 1 Wafalme 19:4-8, Yoane 21:9-13, Isaya 58:6-7



Leo tunafundishana juu ya chakula. Labda mmoja atauliza: «Mzee, nchi iko katika vita, watu wanalia, na wewe unatuletea mahubiri ya sufuria?» Ndiyo, ndugu. Biblia yenyewe inasema mara nyingi juu ya sufuria, na Bwana wetu alikula pamoja na watu mpaka adui zake wakamwita mlafi. Tena nina deni juu ya neno hili. Nimelichukua kwa miaka, na leo ninataka kulilipa mbele yenu.

1. MAMA ALIYEKATAA SOMBE

Mnajua wote kwamba tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji yalianza katika territoire ya Beni, na watu wakaanza kukimbia vijiji vyao. Katika mwaka 2016 mama mmoja alifika hapa Butembo kutoka upande wa Oicha. Alikuja na wajukuu wake watatu na nguo aliyovaa, basi. Mume wake alibaki kule shambani. Hawakumwona tena, wala hawakumzika.

Jamaa moja ya Kanisa letu ikampokea. Wakampa chumba na blanketi, kwa sababu baridi ya Butembo si joto la Oicha. Wakampa chakula chao: maharagi, viazi vya Lubero, bugali. Mama alikula kidogo tu, akashukuru, akaweka chini. Kila siku alisema jambo moja: alitaka sombe ya kwao, iliyotwangwa katika kinu chake, yenye mawese ya michikichi yake, na samaki ya Kyavinyonge ndani yake. Wenye nyumba wakaenda sokoni, wakanunua sombe, mawese na samaki, wakapika vizuri. Mama akaonja. Akasema: «Aksanti, wanangu. Lakini hii si ile.»

Ndipo manung'uniko yakaanza. Wengine walisema: «Mkimbizi anachagua chakula?» Habari ikafika katika maombi ya usiku. Mmoja aliyekuwa na karama ya kuona akasema kwamba juu ya mama huyu kuna pepo wa ulafi. Wakamwagiza kufunga siku tatu.

Mimi ninayeandika maneno haya nilikuwa pale. Moyo wangu ulinichoma, lakini nilinyamaza.

Mjukuu wake mkubwa, kijana wa miaka 16, aliyasikia hayo. Hakusema kitu. Alfajiri akapanda gari mpaka Beni, akaendelea mbele, kisha akaingia kwa miguu katika njia ya mashamba. Ndugu, mnajua njia zile. Wakati ule watu walikuwa wakiuawa katika mashamba yao upande ule, na wengi waliokwenda kutafuta chakula hawakurudi. Kijana huyu Mungu alimrudisha. Siku ya tatu mangaribi aliingia na kifungu cha majani ya mihogo na chupa moja ya mawese.

Mama alipoona majani yale alipiga kelele. Alimpiga kijana kofi, kisha akamkumbatia, akalia mpaka majirani wakaja. Akasema: «Nani alikuambia nataka majani? Mimi ninataka watu wangu!» Hakuyapika. Majani yakakaa pale mpaka yakanyauka.

2. DAUDI NAYE ALITAMANI

Usiku ule sikulala. Nilifungua Biblia, nikafika kwa habari ya Daudi katika pango la Adulamu. Ilikuwa wakati wa mavuno. Wafilisti walikuwa wameweka askari wao Betelehemu, katika mji wa baba yake. Daudi, mkimbizi ndani ya nchi yake mwenyewe, akatamani maji. Hakutamani maji yoyote. Alitaka maji ya kisima kile kilicho karibu na mlango wa Betelehemu.

Angalia vizuri, ndugu. Je, pale pangoni hapakuwa na maji? Jeshi zima lilikaa pale. Watu hawakai bila maji. Daudi hakuwa na kiu ya koo. Alikuwa na kiu ya Betelehemu: ya mtoto aliyechunga kondoo na kunywa pale mangaribi, ya baba yake Yese, ya ndugu zake, ya mji ambao sasa uko mikononi mwa adui. Na Maandiko hayasemi kwamba Daudi alikuwa na pepo. Hakuna nabii aliyetumwa kumkemea kwa tamaa ile.

Lakini mashujaa watatu walimsikia. Wakapita katikati ya kambi ya Wafilisti, wakateka maji, wakamletea. Daudi alipoyaona hakunywa. Aliyamwaga mbele ya Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu waliohatirisha maisha yao.

Mama wa Oicha alifanya kama Daudi. Hakuweza kula majani yaliyoweza kuwa damu ya mjukuu wake. Na sisi tuliomwita mlafi tungekuwa na jibu gani mbele za Mungu kama kijana yule asingerudi?

3. KWA NINI MOYO UNAOMBA CHAKULA

Mungu amewapa watu akili ya kuchunguza viumbe vyake, na watu wa elimu ya nafsi wamechunguza jambo hili pia. Tusiogope kuwasikiliza, maana kweli yote ni ya Mungu.

Kwanza, wanatufundisha kwamba harufu ina njia fupi ndani ya ubongo. Inafika haraka mahali panapotunza kumbukumbu na hisia, furaha na huzuni. Ndiyo sababu unaweza kupita katika avenue moja ya Butembo, mtu anakaanga samaki nyuma ya ukuta, na mara moja unamwona bibi yako aliyekufa miaka 20 iliyopita, na machozi yanakuja kabla hujajua sababu.

Pili, katika mwaka 2011 wachunguzi wawili wa Marekani, Jordan Troisi na Shira Gabriel, walitangaza kazi yao juu ya vyakula ambavyo watu wanavikimbilia wakati wa huzuni. Waliona kwamba nguvu ya chakula kile inatoka kwa watu tuliokula nao. Mtu aliyelelewa kwa upendo, akijisikia ameachwa, kukumbuka tu chakula kile kulipunguza upweke wake. Chakula kimefungwa pamoja na mkono uliokitoa. Mtoto haonji sombe peke yake; anaonja mama yake.

Tatu, wachunguzi wengine wa Marekani, katika mwaka 2014, waliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha. Kisha wengine wakapewa chakula chao cha kufariji, wengine wakapewa chakula kingine, na wengine hawakupewa kitu. Baada ya dakika chache wote walitulia, kwa kipimo kilekile. Chakula cha kufariji hakikuwashinda wale ambao hawakula kitu.

Weka hayo mawili pamoja, utamwelewa mama wa Oicha. Moyo wake uliomba sombe kwa sababu ndani ya sombe mlikuwa mume wake, majirani wake, kinu chake, sauti ya wamama wakitwanga asubuhi. Alipoletewa sombe tupu, bila wale watu, ulimi wake ulijua mara moja kwamba hii si ile. Mpishi hakukosa kitu. Waliokosekana ni wenye kula naye.

4. VITUNGUU VYA MISRI

Mtu atauliza: «Lakini Mzee, Waisraeli jangwani walitamani chakula cha zamani, na Mungu akakasirika. Hata mahali pale pakaitwa makaburi ya tamaa.» Ni kweli. Tusiruke neno hili.

Waisraeli walilia wakikumbuka samaki, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Hata vitunguu vya majani walivikumbuka, kama hivi vinavyoshuka kutoka milima ya Lubero. Wakasema waliila samaki ile bure kule Misri. Bure, ndugu! Walilipa kwa migongo yao iliyopigwa fimbo. Walilipa kwa watoto wao wa kiume waliotupwa mtoni. Tamaa yao ilifuta damu ya watoto katika kumbukumbu, ikabakiza harufu ya sufuria. Kisha wakaidharau mana, chakula ambacho Mungu aliwapa kila asubuhi kwa mkono wake.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Daudi alikumbuka nyumba ya baba yake. Wao walitamani nyumba ya utumwa. Daudi alipoona damu ndani ya maji, aliyamwaga. Wao hawakutaka kuona damu. Basi jipime mwenyewe: tamaa yako inakupeleka wapi, na nani analipa bei yake?

Misri yetu ipo hapa hapa. Wako wababa waliopoteza mashamba ya kakao, nyumba na watoto, na sasa faraja yao ni lutuku na kasiksi. Nasi tunawajua. Mtu hakuzaliwa mlevi. Alikuwa na kidonda, akatafuta dawa, akaipata chupa. Chupa inampa usingizi wa saa chache, inachukua franka za chakula cha watoto, na asubuhi kidonda kiko palepale. Kanisa letu linakataza pombe, na ni vizuri. Lakini kama tunamkataza chupa tu, bila kukaa naye juu ya kidonda chake, tumemwacha jangwani bila mana.

Na wako wengine wanaojifariji kwa sukari, mandazi na mafuta, kila wakati roho inapofadhaika. Hapa pia mwili una siri yake. Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake, huko Kalifornia, walieleza jinsi wanyama walio katika mateso ya muda mrefu wanavyokimbilia mafuta na sukari, na jinsi vyakula vile vinavyotuliza kengele ya hofu ndani ya mwili, lakini vinaacha mafuta tumboni. Kwa hiyo usimcheke dada anayekula hivyo. Mwili wake unatafuta kupumzika. Lakini mwenye ugonjwa wa sukari au wa damu kupanda, ajue kwamba faraja hii ina bei, na ajiangalie.

5. JINSI MUNGU ANAVYOFARIJI

Angalia sasa Mungu mwenyewe anafanya nini mbele ya mtu aliyevunjika moyo.

Eliya, nabii mkubwa, alikimbia mbele ya Yezebeli. Akalala chini ya mti jangwani, akaomba kufa. Mungu hakumtumia mahubiri wala hakumwagiza kufunga. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale tena, maana safari ilikuwa kubwa. Baada ya hapo ndipo nabii akatembea siku 40 mpaka Horebu, na huko ndipo Mungu akazungumza naye. Ninyi mnaotaka kumpa mwenye huzuni unabii kabla ya chakula, someni tena sura ile.

Na Petro je? Usiku ule alipomkana Bwana, alikuwa akiota moto wa makaa katika uwanja wa kuhani mkuu. Yoane anaandika hivyo. Kisha Yesu alipofufuka, wanafunzi wakatoka katika chombo asubuhi, wakakuta nini pwani? Moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Mimi ninaamini kwamba harufu ya makaa yale iliingia puani mwa Petro ikaamsha usiku wa aibu. Bwana hakumwambia neno lolote juu ya usiku ule kabla ya kumlisha. Aliwaita waje kula kwanza. Walipokwisha kula, ndipo akamwuliza kama anampenda.

Chakula alichokipika Yesu kilikuwa chakula cha kwao Galilaya, samaki na mkate, chakula ambacho wavuvi wale walikula tangu utoto. Lakini faraja yenyewe ilikuwa yule aliyekaa karibu na moto.

6. BASI TUFANYE NINI?

Kwanza: tusiite huzuni pepo. Karama ya kuona ni ya Mungu, lakini mwenye karama naye anaweza kukosea, nasi tumeagizwa kupima. Mkimbizi akikataa chakula, muulize kwanza: «Mama, kwenu mlikuwa mnakula nini? Mlikula na nani?» Kisha nyamaza, umsikilize.

Pili: kufunga kusiwe fimbo. Isaya anatufundisha kwamba kufunga anakokutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate wako na kumwingiza nyumbani mwako yule asiye na mahali. Mgonjwa, mwenye mimba, mama anayenyonyesha, na yule ambaye huzuni imekwisha kumnyima chakula, asilazimishwe kufunga na mtu yeyote katika Kanisa hili.

Tatu: mtu asimtume mtoto wake, wala asimwache aende, mahali penye kifo kwa ajili ya kitu cha kutuliza moyo. Simhukumu yule anayekwenda shambani kwa sababu watoto wake wamelala na njaa. Huyo anahitaji kikapo chetu, si maneno yetu. Lakini kabla ndugu yako hajaingia njia ile, Kanisa liwe limekwisha kuuliza kama ana kitu ndani ya nyumba.

Inne: umpe mgeni mahali pa jikoni, usimpe sahani tu. Mwanamke aliyepika miaka 40 katika nyumba yake, akikaa miezi akiletewa chakula kama mtoto, anakufa kidogo kidogo. Mpe kinu. Mpe moto. Mwache apike kwa namna ya kwao, na wewe ule mkono wake.

Tano: tumalize matanga ambayo hayakumalizika. Wengi wetu tunayo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 tulipita katika Ebola. Zaidi ya watu 2.200 walikufa. Katika Mangina, Beni, Katwa na Butembo, wapendwa wetu walizikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, na sisi tulisimama mbali. Ilikuwa lazima, ili ugonjwa usienee. Lakini jamaa nyingi hazikukaa pamoja, hazikupika pamoja, hazikutaja jina la marehemu juu ya sahani moja. Chakula kile bado kinatungojea. Si kwa kuabudu wafu, hapana. Ni kwa kufarijiana sisi tulio hai.

7. MWISHO WA HABARI

Nilirudi kwa mama yule. Nilimwomba msamaha, kwa sababu nilinyamaza wakati nilipaswa kusema. Yule aliyeona pepo naye alikuja akaomba msamaha, na ninamheshimu kwa hilo.

Kisha wamama wa Kanisa walikwenda kwake, saba kwa hesabu. Walibeba kinu juu ya kichwa kutoka lupango nyingine. Sombe waliinunua sokoni, ileile ya Butembo. Mawese waliyatia yale ya chupa ya kijana, ili yasipotee. Wakamwambia mama: «Leo wewe ni mkubwa wa jiko. Tuonyeshe.» Akakaa kwanza akiangalia. Halafu akachukua mchi mkononi mwa mmoja, akasema: «Hamjui kutwanga.» Wakacheka wote. Alitwanga, akapika, akatia chumvi mwenyewe.

Walipokaa kula, mmoja akamwuliza: «Mama, mzee wako alipenda sombe ya namna gani?» Ndipo akaanza kusema. Alisema juu ya mume wake tangu mangaribi mpaka taa ikawashwa. Jinsi alivyokuwa akirudi na samaki yenye kufungwa katika majani. Jinsi alivyokuwa akilalamika kwamba pilipili ni kidogo. Wakalia, wakaimba, wakaomba, wakamtaja kwa jina lake. Yalikuwa matanga yake, miezi mingi baada ya kufa kwake. Na mama alikula. Alikula sahani nzima, akaongeza.

Nilimwuliza siku nyingine: «Mama, sombe ile ilikuwa kama ya kwenu?» Akanijibu: «Hapana, Mzee. Si ile. Lakini niliweza kuimeza.»

Ndugu wapendwa, hatuwezi kumrudishia mtu Betelehemu yake. Vita bado, na wengi wenu mnaosoma karatasi hii mmelala katika nyumba isiyo yenu. Siku ya kurudi iko mikononi mwa Mungu. Lakini mtu asikae peke yake pangoni akitamani kisima, na sisi tuko karibu na maji. Juma hili, kila jamaa itafute mtu mmoja, ikae naye chini, ile naye, na imwulize juu ya watu wake.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyewasha moto pwani kwa ajili ya watu waliochoka na wenye haya, uangalie watu wako wa Beni na Butembo. Uwalinde wanaoingia mashambani leo. Uwafariji waliokosa mahali pa kulilia. Uondoe chupa mikononi mwa ndugu zetu, na uweke mkono wa ndugu mahali pake. Utusamehe sisi tuliosema upesi, na sisi tulionyamaza. Utukusanye siku moja kwenye meza yako, ambapo hakuna atakayesema: hii si ile.

Amina.